Mkate wa Mwenyekiti

Jumamosi ile ya mishahara duka kubwa lilikuwa limejaa pomoni. Watu walisukumana na vitoroli utadhani kesho mji unafungwa. Msusi alikuwa amepita mara moja kununua mafuta ya nywele ya saluni yake, gauni la njano limemkaa vizuri, raba nyeupe miguuni, na kitana amekichomeka kisogoni akakisahau tangu asubuhi. Alipokata kona kuingia kwenye rafu za sabuni, akasimama.

Mwanamume mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amefumba macho ananusa sabuni. Ananusa moja, anairudisha. Ananusa ya pili, anakunja uso kama mtoto aliyenyweshwa dawa, anairudisha.

"Kaka," Msusi akashindwa kuvumilia, "hizo ni za kuogea."

Yule bwana akafumbua macho. Alikuwa na macho mapole, na pua kubwa iliyomkaa vizuri. "Natafuta isiyonukia," akasema.

"Sabuni isiyonukia? Una mke anayekuchunguza harufu?"

"Sina mke. Nina kazi."

"Kazi gani hiyo inayomkataza mtu kunukia?"

"Bahatisha."

Sasa, mwenzangu, usimwambie Msusi neno hilo. Dada yule alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni udadisi. Mteja akikaa kwenye kiti chake, mpaka nywele zinaisha kusukwa Msusi anajua nani kamwacha nani, na kwa nini, na kama atarudi. Akamshika bwana yule mkono wa shati, akamvuta mpaka kwenye rafu ya watoto wachanga, akamwonyesha sabuni nyeupe isiyo na harufu yoyote. Kisha akatoa simu.

"Nipe namba yako. Si kwamba nimekupenda. Nataka jibu langu."

"Na ukishalipata?"

"Tutaona."

Basi zikaanza simu. Asubuhi kabla ya wateja, mchana katikati ya kusuka, jioni akiwa anapanda ngazi kwenda kwao.

"Haloo, Bwana Pua."

"Sema, Msusi."

"Unatafuta gesi zinazovuja majumbani."

"Hapana."

"Wewe ni mbwa wa polisi."

"Umekaribia kidogo, ila hapana."

"Mpishi wa hoteli."

"Mpishi anatia harufu, mimi nazitafuta."

"Jamani, niambie bwana! Mteja wangu nimemsuka mistari imepinda kwa sababu yako."

"Nikikuambia utaacha kunipigia."

Msusi akahamishia simu sikio la pili. Hakutegemea sauti ile iwe na woga ndani yake, na alipogundua kwamba imempendeza, akakasirika kidogo. "Nani kakwambia nitaacha?" akasema, akakata simu.

Walikutana mgahawani, meza ya nje. Msusi alivaa sketi ya zambarau na hereni ndefu, na alikuwa ameoga mara mbili. Bwana Pua alivuta pumzi mara moja tu, akatabasamu. "Leo umekaanga vitunguu, halafu ukapaka losheni ya limau kuvificha."

"Mshenzi wewe!"

"Sikusema vibaya. Vitunguu navipenda."

Msusi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo ndipo alipokwisha kunaswa na mapenzi, ingawa yeye mwenyewe alijua baadaye. Bwana Pua naye akaona afadhali alimalize lile fumbo la kazi. Akasema kwamba anaonja bia kiwandani.

"Unalipwa kunywa?"

"Kuonja. Asubuhi tunakaa mezani, kila mtu na vikombe vyake vidogo, hatuangaliani. Mkuu wetu akigonga meza, kila mmoja anasema palepale kilichomjia ulimini, kabla hajafikiri. Ukisubiri ukafikiri, utasema alichosema mwenzako, na bia mbovu itatoka kiwandani ikapewa watu."

"Hata kama anayeuliza ni mkubwa wako?"

"Hasa akiwa mkubwa wangu."

Msusi alicheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika njiani. Alikuwa amemkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa mzimamoto mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa jengo lao, na watu walimwita hivyo hivyo, Mwenyekiti, hata mkewe akiwa amekasirika. Tangu amzike mdogo wake aliyemalizwa na pombe, Mwenyekiti hakutaka kuiona, kuisikia wala kuinusa. Tangazo lilibandikwa kwenye lango: hakuna pombe kwenye ngazi, hakuna pombe kwenye vibaraza. Mpangaji akikutwa na chupa, ananyang'anywa na kusomewa maneno ambayo yangemlewesha kuliko hiyo chupa yenyewe.

"Baba yangu akisikia neno bia anafungua madirisha," Msusi akasema. "Utamwambia unafanya kazi kiwanda cha vinywaji."

"Si uongo."

"Ndiyo, si uongo. Basi usiongeze hapo."

Miezi ikapita, mapenzi yakanoga, na Bwana Pua akaalikwa nyumbani Jumapili kuonana na wazee. Alikuja na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, kaogea ile sabuni ya watoto. Sebuleni alimkuta Mwenyekiti katika shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, Mama katika gauni la kijani, na mtu wa tatu ambaye hakualikwa na yeyote. Huyo alikuwa Mweka Hazina wa kamati, mama wa ghorofa ya chini, aliyesema amepita kusalimia tu. Kila Jumapili alikuwa anapita kusalimia, kwa sababu kila Jumapili palikuwa na mkate.

Mkate huo ulikuwa fahari ya Mwenyekiti. Kila Jumamosi alasiri alifunga mlango wa jikoni, akafungulia redio, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka atoke mwenyewe na kitaulo begani. Hakuukanda wala hakuuacha uumuke. Ulitoka mzito, wa rangi ya kahawia, ganda lake limepasuka juu na kung'aa siagi. Kamati nzima iliula kwenye vikao. Watu walishamwomba awafundishe, naye aliwajibu kwamba kila nyumba ina siri yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Kaa. Binti yangu anasema uko kiwanda cha vinywaji."

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Watoto wanapenda soda. Haya, karibu mkate."

Bwana Pua akachukua kipande, akauma. Kwa mazoea yake macho yakafumba yenyewe. Mwenyekiti aliyaona, akafurahi, akajua sifa inakuja. Akagonga meza kwa kidole.

"Enhe, kijana? Unaonaje?"

"Bia nyeusi," Bwana Pua akasema palepale. "Shayiri yake imechomwa sana, uchungu unakuja nyuma ya koo. Chupa imekaa kidogo dukani, lakini haijaharibika. Safi kabisa."

Kisha akafumbua macho.

Mama alikuwa anaangalia kikombe chake. Mweka Hazina alikuwa na kipande mdomoni na hakujua atafune au ateme. Msusi alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na uso wake Bwana Pua hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

"Mkate huu," Mwenyekiti akasema taratibu, "ni unga, sukari, chumvi, poda ya kuumulia na maji. Ya bomba." Akasukuma sahani kando. "Na wewe, ulimi wako umeijulia wapi bia?"

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Bwana Pua akasema kazi yake. Mwenyekiti akasimama, akaenda kufungua madirisha yote mawili, akarudi.

"Mama, mgeni anaondoka," akasema.

Kwenye ngazi Msusi alimfuata mpaka chini, akinong'ona kwa hasira kwa sababu milango ya jengo lile ilikuwa na masikio.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Aligonga meza!"

"Kwa hiyo kila anayegonga meza ni mkuu wako?"

"Nilikuwa namsifu, mpenzi. Mkate mzuri mno."

"Umemwita baba yangu mnywaji mbele ya Mweka Hazina, anayepeleka habari ghorofa zote bila lifti! Baba yangu, ambaye alimzika mdogo wake kwa mikono yake. Rudi juu sasa hivi useme umekosea."

Bwana Pua akapangusa uso. "Mimi naweza kukosea njia. Naweza kukosea siku yako ya kuzaliwa."

"Uliikosea."

"Niliikosea. Lakini hili sikukosea."

"Basi baba yangu ni mwongo."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Chagua. Ulimi wako au mimi."

Yule bwana alisimama na suti yake ya kijivu kama mtu aliyeachwa na basi. Alimpenda. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, lakini kusema amekosea kilichomo ulimini mwake lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakujua mtu huanzia wapi. Msusi hakusubiri, akapanda ngazi mbio bila kugeuka.

Simu moja tu ilipigwa katikati ya juma, na haikuwa na utani.

"Nimekupigia kukuarifu. Kamati inakuja Jumapili kumhoji baba kama ni kweli anapika kwa bia. Wanataka ajiuzulu. Baba hali chakula vizuri. Furahi."

"Msusi, nisikilize..."

Ikakatika.

Msusi alilia, tusifichane. Alilia saluni, chini ya mashine ya kukaushia nywele, ili ionekane ni joto. Lakini nimeshakwambia ugonjwa wake. Hasira ilipopungua kidogo, udadisi ukaamka. Kwa nini baba hakupiga kelele? Baba anayepiga kelele mtu akiacha taa ya ngazi inawaka, mbona siku ile alisema kwa sauti ya chini hivyo? Na kwa nini mama aliangalia kikombe?

Jumamosi Mwenyekiti hakufunga mlango wa jikoni. Alivaa kofia akasema anakwenda kutembea. Mama alikuwa amejilaza chumbani. Msusi akafunga mlango mwenyewe, akakunja mikono ya blauzi, akaanza.

Mkate wa kwanza aliuchanganya kwa maji ya bomba, kama baba alivyosema. Uliumuka vizuri, ukapendeza macho. Alipouonja, ulikuwa na ladha ya karatasi. Wa pili akatia soda ya chupa badala ya maji, ukatoka mtamu na wa kunata, wa kumpa mtoto anyamaze. Alisimama akiutazama, mkono kiunoni. Kisha akajifunga mtandio, akatembea mpaka duka la mbali ambako hakuna anayemjua, akanunua chupa moja ya bia nyeusi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliibeba chini ya kwapa kama mwizi.

Alipoimimina kwenye unga, ikachemka povu na kuvuma. Akaruka nyuma. Akakoroga kwa nguvu, akimwogopa nani sijui, akamimina siagi juu, akausukumia ndani ya oveni. Haukupita muda, harufu ikaanza kutoka, na Msusi akakaa chini sakafuni. Ilikuwa harufu ya Jumapili zote za maisha yake.

Hapohapo mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama na kofia mkononi. Akatazama chupa tupu mezani, akatazama mikate miwili iliyoshindwa, akainama akachungulia oveni.

"Moto umeupeleka juu sana," akasema. "Na umekoroga mno. Huu unakorogwa kidogo tu, mabonge yabaki."

Kisha akavuta kigoda akakaa, mzee wa watu, akajishika kichwa.

"Baba."

"Wewe ulikuwa bado mdogo. Mama yako alikuwa anaumwa, chakula hakipiti. Kila nilichompikia alikisogeza. Siku hiyo nimeshaweka unga bakulini, nafungua bomba, maji yamekatika jengo zima. Na pale kando ya sinki ilikuwepo chupa niliyomnyang'anya mpangaji mmoja kwenye ngazi, nilitaka kuimwaga. Nikaimwaga kwenye unga. Sijui kwa nini. Kwa hasira. Mama yako akala kipande kizima, akaomba kingine." Akaikunja kofia mapajani. "Ningemwambia nini? Kwamba kitu kilichomuua mdogo wangu ndicho kimemrudishia hamu ya kula? Tangu siku hiyo nainunua kwa kujificha, mwanangu. Sijawahi kuionja nje ya mkate. Hata tone."

"Mimi nimekuwa naliosha lile bakuli miaka yote," sauti ya Mama ikasema kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunga shuka, nywele hazijachanwa. "Ulidhani sina pua?"

"Ulijua?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie, Mwenyekiti. Ukakawia, mkate mtamu, nikanyamaza."

Msusi akacheka huku analia, kisha akakumbuka, na kicheko chote kikaisha. "Baba, kijana wa watu ulimwacha akateremka ngazi kama mwongo. Na mimi nikamfukuza."

Mwenyekiti akainuka akapunguza moto wa oveni. Msusi akachukua simu, akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

Bwana Pua aliiona ikiita. Alikuwa kakaa kitandani kwake, ameiweka gotini, hakupokea. Alikuwa ameshaamua atakachofanya, na alijua akiisikia sauti ile atamwambia, naye Msusi atamshukuru, na shukrani hiyo hangeweza kuibeba.

Jumapili kamati ilijaa sebuleni. Mweka Hazina alikaa mbele na mkoba mapajani, Katibu akasafisha koo na kuvua miwani, wengine wakaegemea ukuta. Mwenyekiti alikuwa katika shati lake jeupe. Kabla Katibu hajamaliza salamu, kengele ikalia, na Msusi alipofungua akamkuta Bwana Pua na suti ileile ya kijivu, macho mekundu.

"Nilikupigia," akanong'ona. "Subiri, nikwambie..."

"Niache niingie kabla sijakimbia," akasema, akampita.

Akasimama katikati ya watu. "Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyesema maneno yale. Nimekuja kusema kwamba nilikosea. Ulimi wangu siku ile haukuwa sawa. Mkate wa Mwenyekiti hauna kitu. Naomba radhi."

Minong'ono ikapita. Katibu akavaa miwani, akionekana kufarijika, maana yeye ndiye aliyekula mikate hiyo kuliko wote. Mweka Hazina akashusha pumzi. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele ya Mwenyekiti. Angeinamisha kichwa tu, angebaki na kiti chake, heshima yake na siri yake.

Mwenyekiti akasimama, akaenda jikoni, akarudi na sahani. Ulikuwa mkate wa jana, ule wa tatu. Akakata kipande, akampa kijana.

"Onja."

Bwana Pua akaonja. Macho yake yakafumba, yakafumbuka upesi.

"Unga na maji, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza jiwe.

"Onja tena."

"Mzee..."

"Umekuja kuniokoa, nimekuona, na ahsante. Lakini mwanaume atakayekaa na binti yangu asinidanganye mezani pangu, hata kwa kunihurumia. Nimejidanganya vya kutosha mimi mwenyewe. Kuna nini kwenye mkate huu?"

Chumba kizima kilimtazama. Bwana Pua akamtazama Msusi, naye akamtikisia kichwa, ndiyo, sema.

"Bia nyeusi, mzee. Ileile. Ila mkono si wako. Aliyekoroga huu alikuwa na hasira."

"Wewe!" Msusi akapaza sauti. "Nilikuwa na haraka!"

Mama akaangua kicheko. Mwenyekiti akaigeukia kamati, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele ya vijana wake wa zimamoto.

"Mmesikia. Kijana hakukosea hata mara moja. Mkate mliokula hapa miaka yote una bia, na aliyeitia ni mimi. Lile tangazo la langoni nililiandika mimi. Kiti chenu hicho."

Hakuna aliyekichukua. Katibu alijaribu kuhesabu kichwani vipande alivyokula tangu achaguliwe, akaacha. Mweka Hazina alikitazama kipande kilichobaki sahanini kwa muda mrefu, akaona aibu, akakitazama tena.

"Tutazungumza kikao kijacho," akasema hatimaye, "sasa siagi iko wapi?"

Walipoondoka, ngazi nzima ikavuma kwa mazungumzo. Mwenyekiti akamwelekeza Bwana Pua kiti kilicho karibu na chake.

"Unakunywa?"

"Naonja asubuhi kazini. Nililewa mara moja, harusi ya dada yangu. Nikalala juu ya viatu vya wageni."

Mzee alimtazama. Alikuwa hajaacha kuichukia bia, na hatakuja kuacha, na kijana aliliona hilo usoni mwake bila kuambiwa. "Kazi yako sitaizoea haraka," akasema. "Usiniharakishe."

"Sitakuharakisha, mzee."

"Basi kaa vizuri. Mkeo anakuletea chai."

Jikoni, Msusi alisikia. Yeye aliyekuwa na jibu la kila kitu akasimama na birika mkononi bila kusogea. Bwana Pua akamfuata, akasimama mlangoni, suti imejikunja, hajui mikono aiweke wapi.

"Nisamehe," Msusi akasema. "Nilikwambia uchague kati ya vitu viwili ambavyo ni kimoja."

"Nilitaka kukuchagua wewe."

"Nimekuona. Umeongopa vibaya sana, mpenzi wangu. Usirudie." Akafuta macho kwa kiganja. "Na mbona nimeitwa mke wa mtu, wala mtu mwenyewe hajaniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Utakubali nikuoe?"

Msusi akamimina chai kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, mvuke ukapanda kati yao.

"Unaweka sukari ngapi?" akauliza.

"Jibu kwanza!"

"Nitakuwekea sukari maisha yangu yote, Bwana Pua. Si lazima nijue?"